Milango Aliyoitazama Alen

Beatha alichinja jogoo siku ambayo binti yake alimleta Alen nyumbani, na kwa Evelina hilo lilikuwa jibu tosha. Mama yake hakuwa mtu wa kuchinja kuku kwa ajili ya mgeni wa kupita.

Nyumba yao ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, mahali pa kupanda kwa miguu katikati ya matuta ya kabichi na karoti. Alen alivaa shati jeupe alilolipiga pasi gesti, na koti la kijivu ambalo Evelina mwenyewe alimchagulia walipokuwa Tanga. Njia nzima alikuwa kimya. Alijikwaa kwenye jiwe, akacheka kabla Evelina hajamuuliza kitu.

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Baba hana neno. Mama ndiye mkali kidogo, lakini ukishamsalimia vizuri anapoa."

Alen alisimama, akamtazama. Alikuwa na namna yake ya kutazama, na namna hiyo ndiyo iliyomteka Evelina tangu mwanzo wa safari yao. Makumbusho waliyofanyia kazi Dar es Salaam yaliwatuma pamoja na wenzao wawili kuandaa maonyesho ya majengo ya kale: Alen achore, Evelina akusanye maelezo ambayo baadaye angewasomea wageni. Walianza na magofu ya Kilwa Kisiwani, wakaja Bagamoyo, wakavuka kwenda Mji Mkongwe, wakarudi bara hadi Pangani na Tanga, kisha wakapanda milimani kuchora nyumba za mawe zilizoachwa na Wajerumani hapa Lushoto. Kila mji, Alen ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka kwenye jengo. Wenzao walikuwa wakilalamika njaa, yeye bado yuko ndani, kiganja chake kiko ukutani.

Na kila alipoukuta mlango wa zamani, alimwomba Evelina asimame ndani yake.

"Simama hapo kidogo. Usisogee."

"Mbona huchori?"

"Sichori. Naangalia tu."

Hakuna mwanaume aliyewahi kumtazama hivyo. Bagamoyo aliona haya. Mji Mkongwe alizoea. Walipofika Pangani, alikuwa akienda mwenyewe kusimama mlangoni kabla hajaombwa.

Baba yake, Mzee Timotheo, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sweta limefungwa vifungo vyote. Macho yake yalikuwa yamefumbuka lakini hayakuwa yanatazama kitu. Presha ya macho ilimpofusha mzee huyo wakati Evelina bado ananyonya. Binti huyo hakukumbuka siku hata moja ambayo baba yake alimwona.

"Shikamoo baba," Alen alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Magoma, baba. Kule chini, wilaya ya Korogwe."

"Basi si mgeni. Mama Evelina, mletee chai, huyu ametoka kwenye joto, baridi yetu itamwua."

Beatha alileta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akarudi jikoni. Walizungumza habari za safari, za mvua, za bei ya karoti pale sokoni Soni. Mzee alikuwa mcheshi.

"Evelina anasema kazi yako ni kuchora nyumba za watu waliokwisha kufa."

"Ndiyo, baba. Hawanisumbui."

Mzee alicheka. "Sasa nieleze kitu kimoja. Kimoja tu, ulichokipenda kuliko vyote. Mimi sitakwenda kukiona."

Alen aliweka kikombe chini, akafikiri.

"Kuna mlango Mji Mkongwe," alisema. "Uko uchochoroni, siyo ule wanaopelekwa watalii. Mbao zake zimekuwa nyeusi kwa mafuta. Kwenye fremu wamechonga mnyororo unaoanzia chini kwa samaki, unapanda na maua ya yungiyungi hadi juu. Misumari ni ya shaba, mikubwa kama limau. Mmoja umeng'oka, na ndani ya tundu lake nyigu amejenga kwa udongo. Upande wa kushoto fundi alikosea, ua moja lina petali ya ziada, na akaificha kwa jani. Usawa wa bega, mbao imelika na kung'aa, nadhani kwa watu wote walioegemea pale wakisubiri kufunguliwa. Asubuhi jua halifiki, lakini linagonga ukuta wa mbele na mwanga unarudi mlangoni ukiwa na rangi ya, sijui nisemeje, baba, rangi ya chai hii."

Aliendelea. Alieleza hata ufa, hata kivuli cha komeo. Evelina alisikiliza huku anatabasamu, akijivunia. Ndipo akaona kwamba baba yake hatabasamu tena.

"Uliutazama kwa muda gani mlango huo?" Mzee aliuliza.

"Nilirudi kila siku tulipokuwa kule."

"Kwa nini?"

"Ni mzuri, baba."

"Kitu kizuri mtu anakitazama, anasema ni kizuri, anakwenda zake. Anajua atakiona tena siku nyingine." Mzee Timotheo alipapasa meza akasogeza kikombe chake. "Mimi presha iliponianza nilikuwa namtazama mama Evelina akichambua maharage. Namtazama hadi ananiuliza kama tumekosana. Hatukuwa tumekosana. Nilikuwa naweka akiba. Daktari amekwambiaje, mwanangu?"

Beatha alikuwa amefika mlangoni na bakuli la mchuzi. Alisimama hapo hapo.

Evelina alimgeukia Alen, akimsubiri acheke kama alivyocheka njiani. Alen hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake katikati ya magoti.

"Amesema hakuna dawa," alijibu. "Usiku sioni kabisa sasa. Mchana naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu, na tundu linazidi kuwa dogo. Amesema litaziba."

"Lini?"

"Hajui. Alisema kama kuna kitu natamani kukiona, nisingoje."

Evelina alisikia maneno hayo moja moja, kama yanasomwa na mtu wa chumba kingine. Kilwa. Bagamoyo. Simama hapo kidogo, usisogee. Ngazi za Pangani, ambako Alen alianguka jioni moja akasema ni viatu.

"Alen," alisema. "Ulijua tangu lini?"

"Kabla hatujaondoka Dar."

"Njoo jikoni," mama yake alimwambia. Aliweka bakuli mezani, akamshika binti yake mkono, akamtoa pale kabla hajasema lingine.

* * *

Jikoni moshi ulikuwa mwingi. Beatha alifunga mlango, akabaki ameuegemea.

"Huyu kijana ni mzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Ana adabu, anaongea vizuri na baba yako. Simchukii. Lakini hutaolewa naye."

"Mama, hata mimi nimesikia sasa hivi. Niache nipumue."

"Nakwambia sasa hivi kwa sababu nakujua. Ukishapumua utamwonea huruma, na ukishamwonea huruma utasema ni mapenzi."

"Nilimpenda kabla ya huruma."

"Na mimi je? Unafikiri mimi niliokotwa, sikupenda?" Beatha alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nilikuwa naimba kwaya. Wenzangu walikwenda Moshi, wakaenda Iringa, wakarekodi. Mimi nilibaki, kwa sababu nani angempeleka baba yako chooni? Nimelima peke yangu, nimevuna peke yangu. Nikiugua naficha, maana nikilala mimi nyumba nzima imelala. Siwezi hata kulia, Evelina. Anasikia. Nikitaka kulia naenda shambani."

Evelina hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Aliuliza swali ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Ungejua mapema, mama? Kabla hamjaoana. Ungemkataa?"

Beatha alitoka mlangoni, akasukuma kuni ndani. Kuni zilipasuka jikoni. Alipojibu, alikuwa amesahau kushusha sauti.

"Ningemkataa. Mungu anisamehe, ningemkimbia. Ningekwenda kwa dada yangu Soni nikaolewa na muuza viazi yeyote mwenye macho mawili." Alivuta pumzi. "Nampenda baba yako. Hilo usiniulize. Lakini umeniuliza kama ningejua, na mimi sitaki wewe ujue halafu uingie."

Kilichomtisha Evelina ni kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inamsikiliza mama yake na kukubali.

Walipofungua mlango, sebuleni palikuwa na mtu mmoja tu.

"Yuko wapi?" Evelina aliuliza.

"Ameondoka," Mzee Timotheo alisema.

"Saa ngapi? Amesemaje?"

"Aliniambia, baba nisamehe, nikajua anakwenda. Mama yako alipokuwa anasema habari za muuza viazi."

Kati ya jiko na sebule palikuwa na ukuta wa mbao. Evelina alikuwa ameishi nao maisha yake yote. Aligeuka, akamwona mama yake amesimama, mkono mdomoni, uso wake umekuwa kama majivu.

"Baba Evelina," Beatha alisema.

Mzee alimgeukia binti yake. "Ukungu umeshuka, nausikia kwenye koo. Na giza linaingia. Huyo kijana hajui njia hizi na sasa hivi haoni kitu. Hakushika njia ya barabara. Nimesikia hatua zake zikishuka kushoto, kwenda bondeni. Mkimbilie."

* * *

Ukungu wa Usambara jioni hauingii kwa kelele. Evelina alipopita mti wa kwanza uliopandwa mpakani mwa shamba lao, aliuona wa pili kwa shida, na baada ya hapo hakuona chochote ila njia iliyokuwa chini ya miguu yake. Alijua mahali njia hiyo inapoelekea. Ilipita ukingoni mwa matuta, kisha ikakata kona juu ya korongo ambamo mvua ya mwaka jana ilichukua ng'ombe.

"Alen."

Hakujibiwa. Aliita tena. Sauti yake ilizama karibu yake tu, kama imetupwa kwenye pamba. Alianza kukimbia, akateleza, akainuka na matope magotini. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli ya kutaka kumpiga, na papo hapo alikuwa anaomba. Mungu, asiwe amefika kwenye kona. Chukua kingine chochote. Asiwe amefika kwenye kona.

"Alen, ukinisikia sema kitu. Nakuomba."

"Simama hapo," sauti ilisema kutoka chini kushoto. "Kuna shimo."

Halikuwa shimo. Lilikuwa tuta refu, na Alen alikuwa ameanguka kutoka juu yake, ameketi katikati ya kabichi, koti limechanika begani. Kiganja chake kilikuwa kinatoka damu. Hakuwa anamtazama Evelina. Alikuwa anatazama pembeni, mahali alipodhani yupo.

Evelina aliteremka, akapiga magoti mbele yake. Kona ya korongo ilikuwa mbele kidogo tu.

"Ulinidanganya," alisema.

"Sikukudanganya. Sikukwambia."

"Usinichezee na maneno. Ulinisimamisha kwenye milango yote ya pwani nikadhani ni mapenzi, kumbe unaniaga."

"Majengo ndiyo niliyokuwa nayaaga. Wewe nilikuwa nakujifunza."

"Kujifunza nini?"

"Uso wako ukipata mwanga kutoka kushoto. Ukipata mwanga kwa nyuma. Ukiwa umekasirika kwa sababu jua linakuchoma na mimi sijasema basi." Sauti yake ilikatika, akaitafuta tena. "Nilipanga kukwambia Pangani. Nikashindwa, nikasema Tanga. Tanga nikasema hapa, nikishaonana na wazazi wako. Nilitaka siku moja tu, Evelina, baba yako na mama yako wanione mtu asiye na kasoro. Nikapewa chai, nikaulizwa habari za mvua. Siku moja."

Evelina alichukua kiganja chake, akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwani. Alen aliacha kifungwe.

"Mama yako amesema kweli," alisema.

"Mama alikuwa ananiongelesha mimi."

"Ndiyo maana ni kweli. Mtu anayejua nasikiliza asingesema vile." Alipapasa fundo la kitambaa. "Na kuna lingine. Babu yangu kule Magoma aliongozwa kwa fimbo, sisi tulidhani ni uzee. Daktari alisema ugonjwa huu unatembea na damu. Watoto, Evelina. Inawezekana na watoto."

Hilo lilimwingia mahali ambapo maneno ya mama yake hayakufika. Alijaribu kusema haidhuru, akaona hawezi. Angekuwa anamdanganya, na jioni ile uongo ulikuwa umetosha.

"Naogopa," alisema.

"Najua."

"Naogopa sana, Alen."

"Basi nipeleke hadi barabarani. Nikifika kwenye lami nitakwenda polepole hadi gesti. Asubuhi nitapanda basi la Mombo, na wewe utabaki na wazazi wako. Ofisini tutasalimiana kama watu."

"Sikupeleki."

"Evelina."

"Sikupeleki popote. Utakaa hapa, na mimi nitakaa hapa. Huwezi kuondoka bila mimi, utakwenda wapi wakati huoni?"

Alijisikia akiyasema, akataka kuyarudisha. Alen hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Unaona?" alisema taratibu. "Hata saa moja haijaisha tangu ujue, na tayari mimi ni mfungwa wako. Nawe pia ni wangu. Mama yako yuko ndani ya gereza hilo tangu ujana wake, na hana hata mahali pa kulilia. Sitaki niwe mlango wa gereza lako. Nakupenda mno kwa hilo."

Evelina alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, paji la uso wake likiwa kwenye bega la koti lililochanika, na Alen alimshika kichwa kwa mkono usio na damu. Hakumwambia anyamaze. Baridi iliwapanda kutoka kwenye udongo. Hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kumwachia mwenzake.

Walikuwa bado hivyo mwanga wa tochi ulipotokea juu yao, umezungukwa na ukungu kama yai. Nyuma ya mwanga kulikuwa na hatua za watu wawili zilizokwenda kwa mwendo mmoja.

"Wako hapa chini," Mzee Timotheo alisema. "Nimesikia kilio."

Beatha alimulika matuta, akawaona. Macho yake yalikuwa yamevimba, na hakuwa anayaficha.

"Mama, ameumia mkono," Evelina alisema.

"Mguu je?"

"Mguu mzima, mama," Alen alijibu. "Mnisamehe kwa usumbufu. Mkinielekeza barabara tu, mimi..."

"Pandeni kwanza."

Evelina alimshika Alen kifundo cha mkono, akaanza kumvuta kupanda tuta. Alen alikanyaga pembeni, udongo ukamomonyoka, akaangukia goti. Evelina alivuta kwa nguvu zaidi.

"Usimvute," Beatha alisema. "Si mbuzi huyo."

Alimwachia mumewe, akamkabidhi tochi kana kwamba ingemsaidia, akateremka tuta kwa miguu yenye viatu vya mpira. Alikitoa kifundo cha Alen kwenye vidole vya binti yake. Kisha akaukunja mkono wa Evelina, akauchukua mkono mzima wa Alen, akaukalisha juu ya kiwiko chake.

"Yeye ndiye anakushika wewe. Siyo wewe kumshika yeye. Ukimshika unamburuta, hajui unakompeleka. Akikushika anausikia mwili wako, ukipanda anajua, ukisita anajua. Wewe tangulia nusu hatua. Na useme. Kila kitu kilicho njiani ukiseme."

Alikuwa anafundisha huku machozi yanamtoka, na sauti yake haikuyumba.

"Mama, umekubali?" Evelina aliuliza kwa kunong'ona.

"Sijakubali kitu. Nakuonyesha kushika."

"Kesho naondoka, mama," Alen alisema.

"Kesho ni kesho. Leo utapanda huku bila kuvunjika mguu."

Alirudi juu kwa mumewe. Mzee Timotheo alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, tochi inamulika angani. Beatha aliichukua. Walikaa kidogo bila kugusana.

"Nilijua," Mzee alisema. "Siku zote nilijua. Sikuuliza tu."

Beatha alikisogeza kiwiko chake hadi kikagusa vidole vya mumewe, na vidole vikangoja, vikangoja sana, halafu vikashika.

"Inua mguu," alimwambia. "Jiwe."

Walianza kupanda. Nyuma yao, katika ukungu ambao sasa ulikuwa giza tupu, Evelina aliusikia mkono wa Alen kwenye kiwiko chake, mzito na wa baridi, mkono wa mtu ambaye huenda asubuhi asingekuwepo. Alipiga hatua nusu mbele yake. Alitazama chini, akalitafuta jiwe hadi akaliona.

"Jiwe," alisema.